Chanjo ya farasi jike mwenye mimba: jinsi kinga inavyomfikia mtoto kupitia dang'a

Mtoto wa farasi huzaliwa macho yakiwa wazi, miguu mirefu ikiwa tayari kutafuta namna ya kusimama, na damu ambayo karibu haina kingamwili kabisa. Hilo la mwisho halionekani kwa macho, lakini ndilo linaloamua kama atavuka wiki zake za mwanzo.

Binadamu humpa mwanawe kingamwili akiwa bado tumboni. Farasi hawezi. Kondo lake la nyuma lina tabaka sita kati ya damu ya mama na damu ya mtoto: tatu za upande wa mji wa mimba na tatu za upande wa mtoto. Hewa na virutubisho hupenya, ila kingamwili ni protini kubwa mno, haipiti. Kwa hiyo chanjo anayodungwa jike katika mwezi wa kumi wa mimba haimfikii mtoto aliye tumboni. Huamsha kinga ya mama, kingamwili zikaingia kwenye damu yake, kiwele kikazichota kutoka humo, na mtoto akazipata akinyonya dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza. Njia ni hiyo moja tu, na baada ya kuzaliwa hubaki wazi kwa saa chache.

Ratiba yote ya chanjo inatokana na ukweli huo. Wanaokosea mara nyingi si kwamba hawachanji. Wanachanja mapema mno au wakiwa wamechelewa, au wanachanja vizuri kisha mtoto hanyonyi kwa wakati.

Kwa nini wiki 4 hadi 6 kabla ya kuzaa

Dang'a haitengenezwi siku ya kuzaa. Katika wiki chache za mwisho, hasa 2 au 3, homoni za mimba hukifanya kiwele kianze kuchota kingamwili kutoka kwenye damu na kuzirundika, hadi kiwango chake ndani ya dang'a kinazidi mara kadhaa kile cha damu ya jike mwenyewe. Kiwele hurundika kile kilichopo. Kama damu ina kingamwili nyingi za pepopunda, dang'a itakuwa nazo. Kama haina, dang'a inaweza kutoka nzito, ya manjano, yenye kunata vidoleni kama asali, na bado isimkinge mtoto na pepopunda hata kidogo.

Jike aliyewahi kuchanjwa akipewa dozi ya nyongeza, kingamwili zake hufika kileleni baada ya wiki 2 hadi 4. Ukiunganisha muda huo na zile wiki ambazo kiwele kinachota, unapata ule muda unaopendekezwa na madaktari wa mifugo karibu kila mahali: wiki 4 hadi 6 kabla ya kuzaa.

Tuchukue mfano. Jike amepandwa tarehe 10 Machi. Mimba ya farasi huchukua takriban siku 340, kwa hiyo anatarajiwa kuzaa karibu tarehe 13 Februari mwaka unaofuata. Wiki 6 kabla ya hapo ni tarehe 2 Januari, na wiki 4 kabla ni tarehe 16 Januari. Lakini farasi hafuati kalenda. Siku 320 hadi 365 zote ni za kawaida. Jike huyu akizaa siku ya 325, itakuwa tarehe 29 Januari. Aliyechanjwa tarehe 2 Januari atakuwa na wiki karibu 4, zinazotosha. Aliyechanjwa tarehe 16 atakuwa na siku 13 tu, na kiwele kitakuwa kimechota kabla kingamwili hazijapanda vya kutosha. Akichelewa hadi siku ya 360, mwanzoni mwa Machi, aliyechanjwa tarehe 2 Januari bado atakuwa na kingamwili za kutosha, kwa sababu baada ya kilele hushuka taratibu. Ndiyo maana sisi tunapendelea upande wa wiki ya 6. Kuwahi kidogo hupunguza kingamwili kiasi tu, lakini kuchelewa kunaweza kumnyima mtoto karibu zote.

Hesabu hiyo inategemea tarehe ya kupandwa. Jike aliyenunuliwa tayari ana mimba, bila daftari, apimwe kwa altrasaundi na daktari wa mifugo akadirie umri wa mimba. Kukisia kwa ukubwa wa tumbo hakufai, maana jike aliyekwisha kuzaa mara kadhaa huwa na tumbo lililolegea hata akiwa na mimba changa.

Chanjo za kujaza dang'a

Zinazotolewa katika dirisha hilo la wiki 4 hadi 6 ni, kwanza kabisa, pepopunda. Hakuna farasi asiyestahili kukingwa nayo, kwa kuwa vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na samadi, na kitovu kibichi cha mtoto ni mlango ulio wazi. Zinafuata homa za ubongo zinazoenezwa na mbu, kulingana na mahali: zile za aina ya mashariki na ya magharibi katika bara la Amerika, na homa ya Nile Magharibi, ambayo hadi mwaka 1999, ilipoingia New York, ilikuwa haijawahi kuonekana katika bara hilo. Mafua ya farasi nayo huongezwa pale farasi wanapokutana na wengine wanaosafiri.

Kichaa cha mbwa kinaweza kuwekwa humo humo, ila kingamwili zake hudumu muda mrefu. Daktari akiona inafaa, jike huchanjwa kabla ya kupandwa, na siku ya chanjo za mwisho wa mimba inapunguziwa mzigo.

Jike ambaye hajawahi kuchanjwa ni habari nyingine, na hapa watu wengi huteleza. Dozi moja ya pepopunda kwake ni utangulizi tu. Mwili unaanza kuutambua ugonjwa, lakini kingamwili zinazotoka ni chache. Anahitaji dozi mbili, zikipishana wiki 4 hadi 6, na ile ya pili ndiyo iangukie katika dirisha letu. Kwa jike wa mfano wetu, kama dozi ya pili ni tarehe 2 Januari, ya kwanza inapaswa kutolewa kati ya tarehe 21 Novemba na 5 Desemba. Anayekumbuka Januari ameshachelewa.

Wapo wanaojitetea kwamba wana sindano ya antitoksini ya pepopunda, ile inayotoa kinga ya papo hapo. Ina kazi yake, kwa mfano kwa mtoto aliyezaliwa na mama asiyechanjwa. Lakini kwa farasi mkubwa imehusishwa na ugonjwa mbaya wa ini unaotokea wiki kadhaa baadaye, na majike waliodungwa mara baada ya kuzaa ni miongoni mwa waliopatwa nao sana. Chanjo iliyotolewa kwa wakati humwepusha jike na hatari hiyo.

Rota na botulizimu zina ratiba zake. Virusi vya rota vya kundi A husababisha kuharisha kwa watoto wa farasi, hasa walio chini ya miezi 3. Chanjo hupewa mama mara tatu, katika mwezi wa 8, wa 9 na wa 10 wa mimba, na mzunguko huo hurudiwa kila mimba. Watoto wengine bado wataharisha, lakini kwa kawaida si kwa ukali ule. Jambo la kuangalia: mwaka 2021, huko Kentucky nchini Marekani, palizuka kuharisha kwa watoto wa siku chache tu, na chanzo kilikuwa virusi vya rota vya kundi B. Chanjo ya kundi A haivizuii hivyo. Kwa hiyo mtoto wa siku 3 anayeharisha apimwe, hata kama mama yake alipata dozi zote tatu.

Botulizimu ya aina B inapatikana zaidi katika maeneo fulani, Kentucky ikiwa mojawapo. Bakteria humezwa pamoja na udongo, hukua ndani ya utumbo wa mtoto na kutoa sumu inayolegeza misuli. Mtoto hutetemeka anaposimama muda mrefu, hulala, hunyanyuka tena, kisha hutetemeka tena. Ulimi hulegea na maziwa humtiririka mdomoni kwa kuwa kumeza kumemshinda. Kwa jike asiyewahi kuchanjwa zinahitajika dozi tatu zinazopishana wiki 4, ya mwisho ikiwa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuzaa. Mimba zinazofuata, dozi moja ya nyongeza inatosha.

Chanjo ya hepesi kwa ajili ya mimba yenyewe

Miezi ya 5, 7 na 9 ni ya chanjo dhidi ya virusi vya hepesi ya farasi aina ya 1, na watu huichanganya na zile za dang'a. Makusudi ni tofauti. Hii inalenga kuzuia mimba isitoke. Virusi hivi hushambulia mishipa midogo ya damu ya mji wa mimba, na mara nyingi mimba hutoka kuanzia mwezi wa 7, bila dalili ya kutangulia: jike amekula vizuri jioni, asubuhi mtoto yuko chini, amekufa. Wakati mwingine mtoto huzaliwa hai lakini mapafu yameharibika, akafa ndani ya siku chache. Kinga ya chanjo hii haidumu, ndiyo maana hurudiwa kila baada ya miezi miwili. Kwa jike wetu ni tarehe 10 Agosti, 10 Oktoba na 10 Desemba. Itumike chanjo iliyouawa, yaani yenye virusi vilivyokufa, tena ile ambayo lebo yake inataja kuzuia utokaji wa mimba, kwa sababu nyingine zimeidhinishwa kwa ugonjwa wa njia ya hewa peke yake.

Hata zikitolewa zote tatu, jike mmoja mmoja bado anaweza kutupa mimba. Virusi hujificha ndani ya farasi waliokwisha kuambukizwa na kuamka wanapochoka, wanaposafirishwa au wanapohamishiwa kundi geni. Kwa hiyo majike wenye mimba watenganishwe na farasi wachanga na wale wa mashindano, wakae katika vikundi vidogo, na mgeni atengwe siku 21 kabla ya kuchanganyika nao. Mimba ikitoka, mtoto na kondo lote viwekwe kwenye chombo kisichovuja na kupelekwa maabara, na jike atengwe. Kufukia ushahidi kwa haraka huwaacha majike waliobaki hatarini bila mtu kujua chanzo.

Zipo chanjo ambazo jike mwenye mimba hapewi. Ile hai ya puani ya ugonjwa wa majipu ya tezi za koo, ile hai ya kimeta, na ile hai ya uvimbe wa mishipa ya damu unaoletwa na virusi, hizi hukaa nje ya ratiba. Ipo ya majipu iliyouawa, lakini jike mwenye kingamwili nyingi tayari anaweza kuvimba miguu na kutoka damu chini ya ngozi, hivyo ni busara kumpima damu kwanza. Pia hakuna sababu ya kumdunga jike chochote kisicho cha lazima katika siku 60 za mwanzo, wakati kiinitete bado kinajishikiza.

Chupa, sindano na shingo

Chanjo hukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Wengi huogopa joto na kusahau baridi. Chanjo nyingi zilizouawa zina chumvi ya aluminiamu inayoamsha kinga, na zikiganda chumvi hiyo hushikamana mabonge. Ikishayeyuka huonekana kama nzima, lakini nguvu imepungua na uvimbe shingoni utakuwa mkubwa zaidi. Chupa iliyowahi kuganda itupwe. Iwekwe rafu ya katikati, mbali na ukuta wa barafu na mbali na mlango. Kabla ya kuvuta dozi, tikisa chupa polepole, kwa kuwa viungo hivyo hutuama chini. Anayevuta bila kutikisa humpa farasi wa kwanza maji na wa mwisho mashapo.

Sindano ya geji 18 au 20, yenye urefu wa inchi 1.5, inatosha kufika kwenye msuli. Mahali pazuri ni pembetatu ya shingo: chini ya ule mshipi mgumu unaopita karibu na manyoya ya shingo, juu ya mstari wa mifupa, na kiganja kimoja mbele ya bega. Ukidunga juu mno unaingia kwenye mafuta, na ukidunga chini mno unakaribia mifupa. Ingiza sindano, kisha vuta pampu kidogo, na damu ikionekana uhamie sehemu nyingine. Kwenye tako pasitumike, kwani jipu likitunga huko usaha hauna njia ya kushuka. Kila farasi awe na sindano yake mpya.

Siku inayofuata, shingo inaweza kukakamaa kiasi cha jike kushindwa kuinamisha kichwa. Mtu huona jike hagusi chakula na kufikiri hana hamu, kumbe chakula kiko chini mno. Mwekee nyasi na maji usawa wa kifua. Homa ndogo ya siku moja au mbili ni ya kawaida, ila ikizidi saa 48, mwite daktari. Mzio mkali hujitokeza mara nyingi ndani ya nusu saa, kwa hiyo kaa naye muda huo, na daktari awe na adrenalini karibu. Chanjo zikiwa nyingi, zigawanywe kwa siku mbili zinazopishana wiki 2 hivi, na kila moja iandikwe upande wa shingo iliyodungwa, ili uvimbe ukitokea ijulikane umeletwa na chanjo ipi.

Jambo jingine huenda pamoja na chanjo: jike awe mahali atakapozalia angalau wiki 4 hadi 6 kabla. Chanjo hukinga magonjwa machache yaliyotajwa. Vijidudu vingine vya banda hilo atavitengenezea kingamwili mwenyewe kwa kukutana navyo, ilimradi amepewa muda.

Saa za kwanza

Mtoto asimame ndani ya saa 1, anyonye ndani ya saa 2, na kondo litoke ndani ya saa 3. Hiyo ya pili ndiyo inayohusu chanjo zako zote. Utumbo mwembamba wa mtoto mchanga una chembe maalumu zinazomeza kingamwili nzima nzima na kuzipeleka kwenye damu. Chembe hizo hufanya kazi vizuri zaidi katika saa 6 hadi 8 za mwanzo, hupungua upesi, na ndani ya saa 24 nafasi yake imechukuliwa na chembe za kawaida zinazoishughulikia kingamwili kama chakula kingine. Mtoto anayeanza kunyonya kesho yake anashiba maziwa, basi.

Kabla hajanyonya, kamua matone machache uyapime kwa refraktomita ya Brix, kifaa kidogo kinachoonyesha dang'a ni nzito kiasi gani. Asilimia 23 au zaidi ni dang'a nzuri. Ikiwa chini ya hapo, anza kutafuta nyingine saa ileile. Mtoto wa kilo 45 hadi 50 anahitaji lita 1 hadi 2 katika saa za mwanzo. Mtoto dhaifu asilazimishwe chupa, maana maziwa huishia mapafuni. Daktari amwekee mrija hadi tumboni na kumpa kidogo kidogo.

Kuna jike anayevujisha. Chembe za nta kwenye chuchu siku 1 hadi 4 kabla ya kuzaa ni ishara njema, lakini maziwa yanayochirizika hadi kwenye vifundo vya miguu ni dang'a inayomwagika, na pengine kondo lina maambukizi au mna mapacha. Mwite daktari, kisha kamua kinachotoka na ukigandishe. Dang'a hukaa karibu mwaka mzima kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Iyeyushwe kwenye maji vuguvugu, kamwe si kwenye maikrowevu, kwa kuwa moto huharibu kingamwili.

Njia hii ya dang'a inaweza pia kupitisha madhara. Baadhi ya majike, hasa waliozaa awali na wale waliopandwa na punda, huwa na kingamwili dhidi ya chembe nyekundu za damu za mtoto. Mtoto huzaliwa mzima, ananyonya vizuri, kisha kati ya saa 12 na 72 hulegea, fizi zikawa za manjano. Damu ya jike ikipimwa wiki 2 hadi 4 kabla ya kuzaa hatari hujulikana mapema. Mtoto atafungwa kizuizi mdomoni kwa saa 24 hadi 48, alishwe dang'a ya jike mwingine, na ya mama ikamuliwe na kumwagwa.

Mtoto akitimiza saa 18 hadi 24, apimwe damu. Zaidi ya miligramu 800 za kingamwili kwa desilita moja inaridhisha. Kati ya 400 na 800 ni upungufu, na chini ya 400 maana yake njia ilifeli. Kwa umri huo dang'a haisaidii tena. Mtoto hutiwa plazima ya farasi mwingine, yaani majimaji ya damu yenye kingamwili, kwenye mshipa, kwa kawaida lita 1 hadi 2, kisha hupimwa upya.

Lini mtoto achanjwe mwenyewe

Kingamwili alizopewa na mama hupungua kwa nusu karibu kila mwezi. Zikiwa bado nyingi, huikamata chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza chochote, na dozi inapotea bure. Ndiyo sababu mtoto wa mama aliyechanjwa huanza pepopunda na homa za ubongo akiwa na miezi 4 hadi 6, na mafua na kichaa cha mbwa akiwa na miezi 6. Wa mama asiyechanjwa huanza mapema, miezi 3 hadi 4. Bila daftari la mama, daktari hana namna ya kuchagua kati ya ratiba hizo mbili.

Mtoto wa mfano wetu, aliyezaliwa tarehe 13 Februari, ataanza pepopunda kati ya katikati ya Juni na katikati ya Agosti, atapata dozi ya pili wiki 4 hadi 6 baadaye, na ya tatu akiwa na miezi 10 hadi 12, yaani kati ya Desemba na Februari. Mama yake, kama amepandwa tena karibu na tarehe 10 Machi, atakuwa anahitaji dozi yake ya nyongeza mwanzoni mwa Januari, kwa hiyo daktari anaweza kuwachanja wote wawili siku moja.